Herufi Mahali pa Namba: Ilikotoka

Wekeni madaftari mezani na kalamu tayari. Somo la leo ni la historia, walakini ni historia inayotaka kujaribiwa kwa mkono.

Katika somo lililopita tuliandika kanuni fupi ubaoni:

M = bk − u

Tulisema kwamba b ni bei ya kilo moja ya mazao, k ni hesabu ya kilo, u ni ushuru unaokatwa, na M ni malipo anayopokea mkulima. Herufi mbili zikisimama pamoja pasipo alama kati yake, maana yake zizidishwe. Baada ya somo hilo swali moja lilirudi kutoka madarasa kadha wa kadha: sisi tumetaabika kujifunza namba, mbona sasa mwatuondolea namba na kutupa herufi?

Swali hilo ni la haki. Tena si ninyi wa kwanza kuona ugumu. Kutoka hesabu ya kale nitakayowaonyesha leo mpaka siku ile kanuni ya namna hii ilipoweza kuandikwa, ilipita zaidi ya miaka 3,000, na katika miaka hiyo waliishi watu wenye akili nyingi sana. Basi na tuone walikuwa wakifanyaje, na walikosa nini.

Twende kwanza Misri. Mwaka 1858 Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, alinunua huko Luxor gombo la mafunjo, yaani karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa mashina ya mafunjo yaotayo majini. Sehemu kubwa ya gombo hilo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Aliyeliandika ni karani jina lake Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, naye mwenyewe anasema kwamba ananakili maandishi ya zamani zaidi. Mna ndani yake maswali ya hesabu zaidi ya 80: kugawa mikate kwa watu 10, kupima ghala la nafaka, kupima shamba. Ni hesabu za karani wa serikali hasa, mtu wa kupokea na kugawa.

Maswali mengine yanahusu kitu kisichojulikana kiasi chake. Ahmes hukiita kwa neno lenye maana ya lundo. Swali moja ni hili: lundo, ukiliongezea robo yake, linakuwa 15. Lundo lenyewe ni kiasi gani?

Tazameni afanyavyo. Lundo halijui, basi anajaribu 4. Kwa nini 4? Kwa sababu robo ya 4 ni 1, na hesabu inakuwa nyepesi. Nne na moja ni 5. Lakini iliyotakiwa si 5, ni 15, na 15 ni 5 mara tatu. Basi ile 4 nayo aizidisha kwa 3, apata 12. Kisha anahakikisha: 12, na robo yake ambayo ni 3, jumla 15. Imekwisha.

Mimi humpenda sana karani huyu. Anaanza na namba anayojua kwamba karibu kwa hakika si yenyewe, haoni haya, kisha anaitazama tofauti iliyotokea na kuifanya imwonyeshe njia. Kuweka namba mahali pa kitu kisichojulikana, na kutazama kinachotokea, ndiyo kazi yenyewe tunayojifunza wiki hizi. Sisi tungeandika lundo kwa herufi n, tukaandika n + n ÷ 4. Tukiweka 4 mahali pa n twapata 5. Tukiweka 12 twapata 15. Ahmes alifanya hivyo hivyo, ila herufi hakuwa nayo.

Sasa angalieni alichokosa. Gombo lake limejaa mifano, lakini kanuni yenyewe haikuandikwa popote. Mwanafunzi alifanya swali la lundo na robo yake, kisha lundo na nusu yake, kisha lundo na sehemu yake ya saba, mpaka mkono ukazoea. Hakuna mahali alipoambiwa: "Hii ndiyo njia kwa lundo lolote." Ilimpasa aitambue mwenyewe, au asimame karibu na mwalimu na kumtazama usoni.

Nitapita upesi kwa Mgiriki Diophantus wa Alexandria, wa karne ya tatu baada ya Kristo. Yeye alikuwa na alama fupi ya namba isiyojulikana, lakini alama hiyo ilikuwa moja tu. Kukiwa na vitu viwili visivyojulikana ilimbidi atafute hila. Wanahisabati wa India waliendelea mbele zaidi: kitu cha kwanza kisichojulikana walikiita "kiasi kadhalika", na vilivyofuata wakavipa majina ya rangi, cheusi, buluu, njano, wakiandika mwanzo tu wa kila jina. Wazo zuri, maana rangi hazichanganyiki.

Twende sasa Baghdad. Hapo yafaa tukae kitako, kwa sababu maneno tutakayoyasikia tunayo vinywani mwetu kila siku.

Kati ya mwaka 813 na 833 alitawala huko Khalifa al-Ma'mun, aliyependa elimu na kuwaweka wataalamu karibu naye. Mmoja wao alikuwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu kuhusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudisha mahali pake kilichovunjika au kupungua. Waarabu hulitumia neno hilo hata kwa kazi ya kuunga mifupa. Al-muqabala ni kuvikabilisha vitu viwili, na Mswahili asemaye "mkabala" anatumia neno la shina hilo hilo. Kutokana na al-jabr dunia nzima ikapata jina aljebra.

Katika kitabu hicho kitu kisichojulikana huitwa "kitu", au huitwa mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe, kinachopatikana huitwa "mal", neno lile lile letu la mali. Namba za kawaida huzihesabu kwa dirhamu. Kila jambo kaliandika kwa maneno matupu. Hakuna alama ya kujumlisha wala ya usawa, na hata namba kaziandika kwa maneno.

Swali lake mashuhuri ni hili: mali na mizizi kumi yake ni sawa na dirhamu 39. Mzizi ni ngapi? Naye afundisha hivi. Chukua nusu ya hesabu ya mizizi, nayo ni 5. Izidishe kwa yenyewe, upate 25. Ijumlishe na 39, upate 64. Tafuta mzizi wa 64, nao ni 8. Ondoa ile 5. Imebaki 3.

Jaribuni wenyewe sasa hivi, msiniamini mimi. Mzizi ni 3. Mali ni 3 mara 3, yaani 9. Mizizi kumi ni 30. Tisa na thelathini ni 39.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Katika mafundisho hayo mmesikia namba nyingi: 10, nusu, 5, 25, 39, 64, 8. Zipi ni za kanuni, na zipi ni za swali hili tu? Ile "nusu" ni ya kanuni. Utaitumia kila mara kwa maswali ya namna hii. Ile 5 si ya kanuni. Imekuja kwa sababu mizizi ilikuwa kumi. Kama mizizi ingekuwa 12, ungepata 6. Mwanafunzi mwerevu atang'amua. Asiye na mwalimu aweza kukariri "ondoa 5" na kuondoa 5 maisha yake yote. Namba za kanuni na namba za jambo la leo zimevaa nguo za aina moja, na jicho haliwezi kuzipambanua.

Wala msidhani kitabu kile kilikuwa cha mchezo. Mwenyewe asema katika utangulizi wake kwamba amekusudia yale watu wanayoyahitaji katika mirathi na wasia, katika kugawana na kushitakiana, katika biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi na wasia tu. Na hesabu hizo hazikufa. Katika mahakama za Kadhi za Kenya na Zanzibar mafungu ya sheria ya Kiislamu hugawanywa mpaka leo, na majina ya sehemu hizo, robo, thumni, theluthi, yamo katika Kiswahili chetu.

Tuchukue fungu moja. Mume akifariki akaacha watoto na mke mmoja, mjane hupata thumni, sehemu moja ya nane, baada ya kutolewa madeni na mengine yote yanayotangulia mirathi. Tuite mali yote M, tuite yanayotangulia d, na fungu la mjane tuliite F.

F = (M − d) ÷ 8

Tuseme mali ni shilingi 5,600,000, na yanayotangulia ni 800,000. Weka namba mahali pa herufi. Fanya kwanza yaliyomo ndani ya mabano: 5,600,000 toa 800,000 ni 4,800,000. Gawa kwa 8. Fungu la mjane ni 600,000.

Mtu akiyasahau mabano akaandika M − d ÷ 8, atagawa kwanza lile deni, apate 100,000, kisha alitoe katika mali, na mjane aonekane ana haki ya 5,500,000! Mabano yale mawili madogo yamebeba sheria nzima kwamba deni hutangulia. Mengine ya mirathi ni mapana, yana watoto wa kiume na wa kike, wazazi na ndugu. Hayo mwulizeni mjuzi wa sheria hiyo, si mimi.

Kitabu cha al-Khwarizmi kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 huko Hispania, na Mwingereza aitwaye Robert wa Chester. Watu wa Ulaya wakajifunza. Kwa muda mrefu nao waliendelea kuandika kwa maneno kama yeye, na kitu kisichojulikana wakakiita "kitu" katika lugha zao. Alama zikaja moja moja, pasipo haraka. Alama za + na − zilichapwa katika kitabu cha biashara cha Mjerumani Johannes Widmann, mjini Leipzig, mwaka 1489. Alama ya usawa, =, tuliletewa mwaka 1557 na daktari wa Wales, Robert Recorde, aliyechoka kuandika tena na tena kwamba hiki ni sawa na kile. Alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akisema kwamba hakuna vitu viwili viwezavyo kuwa sawa kuliko hiyo. Mwaka uliofuata alikufa gerezani mjini London.

Bado hatujafika. Tunazo alama za kujumlisha, kutoa na usawa, lakini kanuni haijaweza kuandikwa. Aliyeiwezesha alikuwa mwanasheria, Mfaransa François Viète, aliyezaliwa mwaka 1540. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wafalme. Hesabu alizifanya katika saa za faragha. Alikuwa hodari pia wa kufumbua barua za siri, na katika vita alimfumbulia mfalme wake barua za Mfalme wa Hispania. Mtu aliyezoea kuona herufi moja ikisimama mahali pa nyingine, labda si ajabu kwamba ndiye aliyeona jambo hili.

Mwaka 1591 alichapisha kitabu kidogo mjini Tours. Humo alisema: kisichojulikana tukiandike kwa irabu, A, E, I, na nyingine. Ninyi irabu mnazijua. Ndizo mlizoanza nazo darasani siku ya kwanza. Na vinavyojulikana, je? Hapo ndipo palipo na jambo jipya. Hivyo navyo tuviandike kwa herufi, kwa konsonanti: B, G, D.

Kwa nini mtu aiandikie herufi namba anayoijua? Kumbukeni ile 10 na ile 39 za Baghdad. Zilijulikana, zimo katika swali, kwa hiyo ziliandikwa kama namba, nazo zikajichanganya na kanuni. Viète aliziondoa akaweka herufi mahali pake. Mara kanuni ikabaki peke yake. Namba iliyosalia, kama ile 2 ya kugawa nusu, ni ya kanuni na haibadiliki. Kila herufi ni nafasi iliyoachwa wazi ili wewe uje na namba zako. Mkulima wa pamba aweke zake, muuza samaki aweke zake, na kanuni isibadilike hata nukta moja. Kwa maoni yangu hatua hii ni kubwa kuliko alama zote tulizozitaja, ingawa kwa kuitazama ni ndogo mno: mtu kaandika B mahali ambapo angeweza kuandika 10.

Mfaransa mwingine, René Descartes, ndiye aliyetuzoeza desturi ya sasa katika kitabu chake cha mwaka 1637: herufi za mwanzo, a, b, c, kwa vinavyojulikana, na za mwisho, x, y, z, kwa visivyojulikana. Iko hadithi ipendwayo kwamba x imetokana na neno la Kiarabu la "kitu". Ni hadithi tamu, lakini haina ushahidi wa kutosha, na mimi siwafundishi.

Jambo lililofuata lawahusu hata wenye simu mifukoni. Mwaka 1843 Bibi Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha maelezo ya mashine ya hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage. Mashine haikumalizika kuundwa, lakini Bibi huyu alionyesha kwenye jedwali jinsi kila mahali pa kuwekea namba pangepewa herufi V na namba ya kupatambulisha, na mashine ikafuata kanuni kwa namba zozote zilizowekwa. Programu za simu na kompyuta za leo huandikwa kwa wazo hilo hilo.

Sasa turudi kwenye mizani, maana huko ndiko kanuni yetu ilikozaliwa. Tuseme mama mmoja amepeleka gunia la mazao. Mizani imesoma kilo 84 mbele ya macho yake. Bei ni shilingi 900 kwa kilo. Ushuru wa gunia ni 3,600. Karani anaandika, anageuza kitabu, anamhesabia 67,500. Mama akiuliza, anajibiwa, "Ndivyo ilivyo, mama." Akiwa hana kanuni, anayo namba moja tu mkononi, na namba moja peke yake haina la kusema.

Lakini ninyi mnayo M = bk − u. Wekeni 900 mahali pa b, na 84 mahali pa k: 900 mara 84 ni 75,600. Toeni 3,600. Malipo ni 72,000. Pamepungua 4,500. Fanyeni sasa kama Ahmes, tazameni tofauti inasema nini. Gawanyeni 4,500 kwa bei ya kilo moja, 900. Ni 5 kamili. Karani hakukosea kuzidisha: amehesabu kilo 79. Amekata kilo 5, pengine kwa ajili ya uzito wa gunia tupu. Basi mama haulizi tena, "Mbona fedha kidogo?" Anauliza, "Bwana karani, gunia hili tupu lina kilo tano? Tulipime." Huenda karani ana sababu yake. Na ataitoa, kwa kuwa ameulizwa swali lisiloweza kujibiwa kwa "ndivyo ilivyo".

Kabla ya kazi ya nyumbani, mambo mawili yanayowakwaza wengi. La kwanza: 2n si makumi mawili na n. Kama n ni 5, 2n ni 2 mara 5, yaani 10, wala si 25. Mkitia shaka, rudisheni alama ya kuzidisha. La pili: n² si n mara 2. Ni n mara n, ile ile "mali" ya al-Khwarizmi. Kama n ni 3, n² ni 9, lakini 2n ni 6. Na herufi moja ikionekana mara mbili katika kanuni moja, namba moja huwekwa pote pawili; hamwezi kuweka 3 upande huu na 4 upande ule.

Kazi yenu ni swali jingine la kitabu kile cha Baghdad: mali na dirhamu 21 ni sawa na mizizi kumi. Kwa herufi ni hivi:

n² + 21 = 10n

Chora mstari wima katikati ya ukurasa. Weka 3 mahali pa n, ufanye upande wa kushoto na upande wa kulia, uone kama zinalingana. Kisha weka 5. Kisha weka 7. Andika kila ulichopata, na walimu watawauliza kesho: je, swali hili lina jibu moja?